Gramu Anapima Mkono wa Mama

Kaka yangu hajawahi kuamini kitu kinachojisifu chenyewe kuwa ni kweli. Sokoni wanamwita Gramu, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Ni mkaguzi wa vipimo. Kazi yake ni kuingia dukani, kuweka mawe yake ya shaba juu ya mizani ya mwenye duka, na kusubiri. Jiwe la kilo moja likisomeka kilo moja, anabandika lakiri na kutoka bila kuaga. Likisomeka kilo moja na gramu kumi, mwenye duka anaanza kutokwa jasho. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili na imemwingia mwilini. Ukimwambia ni saa nne, anatazama saa yake ya mkononi, kisha anatazama ya ukutani, kisha anakutazama wewe.

Sasa mtu wa namna hiyo, mwenye miaka arobaini na sita na kipara kilichoanza kumnyemelea, starehe yake ni gemu. Si za mpira wala za kukimbiza magari. Anapenda za hadithi, zile ambazo unakuwa mtu fulani, labda mpelelezi aliyeachwa na mke, au mama anayemtafuta binti yake katika mji uliofurika maji, na kila baada ya muda hadithi inasimama na kukuuliza: utamsaidia huyu au utampita? Utasema ukweli au utanyamaza? Jumamosi asubuhi, mimi nikiwa kwenye cherehani yangu nashona mapazia ya watu, yeye anakaa kwenye stuli mbele ya tivi, pedi mikononi, daftari gotini.

Nilidhani daftari lile ni la kazi. Kumbe anaandika kila uamuzi alioufanya, saa aliyoufanya, na kilichofuata. Akimaliza hadithi, anaianza upya na kuchagua kinyume cha kila kitu. Gemu imemwambia kwamba maamuzi yake yana uzito, basi na yeye anataka auone huo uzito. Kuna moja ilimpa mzee mlinzi wa stesheni. Mara ya kwanza Gramu alimwokoa kwa taabu kubwa, mara ya pili akamwacha kwenye moshi. Mara zote mbili mzee akafa katika sura ya nne, kwa mafua. Gramu alizima tivi, akaandika vifo vyote viwili daftarini.

"Wameniuzia mbuzi kwenye gunia," aliniambia.

Jingine lilimuuma zaidi. Alihesabu risasi katika gemu fulani na kugundua kwamba ukikaribia kufa, maadui wanaanza kukukosa makusudi. Mchezo unakuonea huruma kimyakimya, kisha unakupigia makofi.

"Kwani si ulishinda?" nilimuuliza.

"Sikushinda. Nilishindishwa."

Kwa hiyo mtaelewa msimamo wake juu ya ile miwani mikubwa ya kufunika uso, inayokuingiza ndani ya mchezo ukageuza shingo na kuona dunia nzima imegeuka nawe. Waandishi wa magazeti wanaiita uhalisia pepe. Gramu alisema kama ungekuwa uhalisia usingehitaji jina la pili. Aliwahi kuijaribu kwenye maonyesho ya biashara, akaivua kabla dakika mbili hazijaisha, na jioni yake akanitolea hotuba huku nikipiga pindo.

"Tivi ina ukingo," alisema. "Nikitaka kujua kama nadanganywa, natazama pembeni. Naona ukuta, naona pazia, nakuona wewe umekunja uso. Ile miwani haina pembeni. Wameondoa ukuta. Sasa uongo nitaulinganisha na nini?"

Nilimwambia watu wengine wanacheza ili wafurahi. Akasema hao ndio wanaomtia wasiwasi. Nilimwona mpuuzi, nikaendelea na pindo langu.

Kisha mama akapata kiharusi. Alikuwa amepanga barua posta miaka thelathini, mikono yote miwili ikienda kama mashine, na sasa mkono wa kushoto ulilala mapajani mwake kama kitu alichoachiwa na mgeni akishike. Mdomo ulinyooka, mguu ukarudi. Mkono ukagoma.

Kilichomkera mama si chakula wala kuoga. Ni kitambaa cha kichwa. Hakuna mtu aliyewahi kumwona bila kitambaa alichojifunga mwenyewe, mzunguko mmoja uliobana, fundo dogo kisogoni, ncha zimefichwa. Kazi hiyo inataka mikono miwili iende nyuma ya kichwa kwa pamoja. Nilipomfungia mara ya kwanza alisema asante, lakini uso ukasema mengine.

"Siku nitakayojifunga mwenyewe, nimepona," alituambia. "Hayo mengine wataandika madaktari."

Hospitali walimpa mazoezi ya Jumatatu na Alhamisi, kwa binti mmoja mpole mwenye viatu vya raba ambaye mama alimwita daktari wa mazoezi. Siku ya kwanza tulimsindikiza wote wawili. Chumba kilikuwa na kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani, meza yenye skrini, na juu ya meza, ile miwani. Nilimsikia Gramu akivuta pumzi.

Ndani ya miwani, mama alikuwa ni bibi anayeandaa nyumba yake maana watoto wake watano wanarudi baada ya miaka mingi. Kazi yake ni kuanika nguo. Anachukua shati kwenye beseni, anainua mkono wa kushoto, ananing'iniza kambani. Akimaliza beseni, mtoto mmoja anafika, anakaa, anasimulia alikokuwa. Kisha kamba inapanda juu kidogo, na beseni la pili linaanza. Sisi tulioko nje tuliona kwenye skrini kile alichokiona yeye.

Mama alinogewa. Alirudi nyumbani akihadithia.

"Leo amefika yule nahodha," alisema akiwa bado hajavua viatu. "Kanenepa. Bado wa mwisho, yule aliyeondoka kwa hasira."

"Huyo atakuja ukiinua mkono," Gramu alisema. "Ndivyo walivyomtengeneza. Hadithi ni chambo, mama."

"Basi na mimi ni samaki. Niache nile."

Kila wiki daktari wa mazoezi alituambia mkono umefika wapi, kwa sentimita, kifundo cha mkono kutoka sakafuni mama akiwa amekaa. Mashine yenyewe ndiyo iliyoandika. Wiki ya kwanza sabini na moja. Wiki ya nne tisini. Wiki ya saba mia na kumi na mbili. Alisema ukifika mia na ishirini mama anaweza kujaribu kitambaa. Zilibaki nane. Mimi niliwasimulia wateja wangu wote.

Gramu hakumsimulia mtu. Alikuwa akimtazama mama pale nyumbani. Kikombe cha chai alikishika kwa mkono wa kulia. Pazia alilisukuma kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki mapajani, vilevile kama siku ya kwanza.

"Huko mia na kumi na mbili," aliniambia jikoni, sauti chini. "Hapa hata kikombe. Hesabu hiyo inakuingia akilini?"

Haikuniingia. Nasema ukweli, hata mimi nilianza kumtazama yule binti kwa jicho la pembeni.

Alhamisi ya wiki hiyo ya saba, mama akiwa chumba cha pili anakandwa bega, Gramu aliomba aijaribu miwani. Daktari wa mazoezi alicheka, akamruhusu, akatoka kumpokea mgonjwa mwingine. Gramu akavaa. Akaona orodha ya wagonjwa, jina la mama likiwa la tatu. Na hapa mnapaswa kujua kwamba wacheza gemu wana adabu yao moja isiyovunjwa: faili la mtu huligusi. Mtu ametokwa jasho humo, ukilichezea unaweza kumharibia safari nzima. Kaka yangu, asiyeamini hata saa ya ukutani, aliheshimu faili la mama. Akafungua jipya, lake mwenyewe.

Alikaa kwenye kile kiti cha mbao, akanipa tepu yake ya chuma, akaniambia niishike wima kando ya mkono. Akainua hadi usawa wa bega. Nikasoma mia na nne. Kwenye skrini, mkono wa yule bibi ulikuwa umepita kichwa na unaning'iniza shati juu kabisa. Akarudia mara tatu, maana mizani haikaguliwi mara moja. Mara zote tatu mkono wake ulikuwa begani na shati liko angani.

Alipovua miwani, uso wake ulikuwa ule anaotoka nao dukani akiwa amemkamata mtu.

"Ukiinua vidole viwili, inaonyesha vitatu," alisema. "Wameichezea."

"Kaka, usimwambie."

"Nikinyamaza nimekula njama nao."

Alimwambia jioni ileile. Nitamtendea haki, alimwambia kwa upole, akiwa ameshika ule mkono wa kushoto. Alisema ile mashine inamwongezea, kwamba wanamvika kilemba cha ukoka ili afurahi, kwamba ameipima mwenyewe mbele yangu. Mama akanigeukia. Nilikuwa nimeisoma tepu kwa macho yangu, ningesema nini? Nikatikisa kichwa kukubali.

Mama aliutazama mkono wake muda mrefu.

"Kumbe sijaanika kitu," alisema.

Jumatatu hakwenda. Alhamisi hakwenda. Nilimbembeleza, nikamwambia hata kama wanaongeza, kidogo chake kipo. Alinijibu kwamba posta hakuwahi kupokea mshahara wa barua ambazo hakuzipanga. Asubuhi nilimfungia kitambaa naye hakusema tena asante, aliinamisha kichwa tu. Nilimkasirikia Gramu kiasi kwamba nilimpakulia chakula bila kumtazama. Yeye alisema ukweli hauna tarehe nzuri. Lakini gemu yake mpya ilikaa kwenye mfuko wiki nzima bila kufunguliwa.

Wiki ya tatu ya kutokwenda, daktari wa mazoezi alipiga simu kuuliza kama tumehama. Gramu akachukua daftari lake, akavaa shati la kazi, akaenda kumkamata. Nami nikaenda, maana nilitaka kumwona huyo binti akijieleza.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Ulitumia faili la nani?"

"Langu. Nilifungua jipya."

Binti akakaa. Alieleza taratibu, wala hakuonekana kufurahia. Mgonjwa mpya wanamsaidia sana, alisema. Mkono ukitikisika kidogo tu, picha inauinua zaidi, ili mtu aamini kwamba bado ni wake na ajaribu tena. Kisha kila wiki wanapunguza. Akafungua faili la mama, akageuza skrini kwetu.

"Mama tulimwondolea msaada wote wiki ya tano. Tangu hapo ameanika mwenyewe. Na hizi nambari tunazoandika ni za mkono, si za picha. Hazijawahi kuongezwa."

"Na kikombe?" Gramu alimuuliza. "Nyumbani hainui kikombe."

"Anaogopa kukiangusha. Wengi wako hivyo. Mkono unaweza, mtu bado hajauamini. Wiki ya nane ndiyo tulikuwa tuanze vikombe."

Gramu alisoma mstari wa wiki ya tano mara tatu. Kisha, maana ni Gramu, akaomba akague na mashine. Binti akakubali. Gramu akainua mkono, nami nikasoma tepu, na mashine ikaandika. Tofauti ilikuwa nusu sentimita. Aliandika kwenye daftari lake, akalifunga, akakaa kwenye benchi la wagonjwa kama mmoja wao.

"Kwa nini hamkumwambia?" nilimuuliza yule binti, maana hasira yangu ilikuwa haijapata pa kutua.

"Tungemwambia mwishoni," alisema. "Labda tulikosea."

Sikujua kama nimwamini. Mpaka leo sina hakika wangemwambia. Lakini nambari zilikuwa nambari.

Nyumbani Gramu alipiga magoti mbele ya kiti cha mama na kumweleza yote, faili jipya, wiki ya tano, nusu sentimita. Mama alimsikiliza huku akimchunguza usoni, na nilipoona anavyomchunguza, moyo ulinishuka. Nilimjua mtu mmoja tu anayetazama watu hivyo.

"Wiki tatu zilizopita nilikuwa nadanganywa," mama alisema. "Leo mkono ni wangu. Mara hii umenipima, baba, au umenionea huruma?"

"Nimepima, mama."

"Basi magoti haya ni ya nini?"

Gramu akainuka. Akatoa tepu mfukoni, akasema wapime sasa hivi, hapahapa, bila miwani. Mama akauvuta mkono wake mbali naye.

"Si wewe. Huko kazini kwenu, duka likiwa la ndugu yako, nani analikagua?"

"Mwenzangu."

"Mlete."

Mwenzake ofisini ni baba mmoja mnene anayeitwa Sawasawa, kwa sababu kila duka analotoka huacha neno hilohilo mlangoni. Miaka tisa Gramu amekuwa akipita nyuma yake kimyakimya kurudia mizani alizokagua, akiwa na hakika kwamba siku moja atamnasa. Kumwomba mtu huyo msaada kulimchukua siku mbili, na nilimsikia akifanya mazoezi ya maneno bafuni.

Sawasawa alikuja Alhamisi mchana na tepu yake mwenyewe. Alimwamkia mama, akaulizia afya, akavua saa. Mama akamwambia Gramu atoke, akatoka, akasimama barazani akitazama ukuta wa jirani. Mimi nilishika kiti kisisogee.

"Inua pale unapofika, mama," Sawasawa alisema. "Usijitutumue kwa ajili yangu. Mimi hata ukifika hapo mapajani naandika."

Mama alifumba macho. Mkono ulitoka mapajani, ukatetemeka, ukapanda mpaka karibu na kifua na kusimama hapo kana kwamba umesahau unakwenda wapi. Nilikuwa naomba kimoyomoyo. Ukapanda tena kidogo. Sawasawa akasoma tepu, akamwambia apumzike, akampima mara ya pili na ya tatu kwa utaratibu wa ofisi. Akaandika kwenye karatasi, akaweka saini, akampa asome.

"Tisini na nne," mama alisoma. "Hakuna aliyeongeza?"

"Mama, miwani hujavaa, na mimi sijakugusa."

Mama aliisoma tena. Kisha akauinua mkono peke yake, bila kuambiwa, akiutazama kwa macho makavu mpaka uliposimama palepale.

Nilimfuata Sawasawa barazani. Gramu aligeuka.

"Ngapi?"

"Tisini na nne."

Nilisubiri aseme ngoja nirudie. Vidole vyake vilikwenda mfukoni kwenye tepu, vikabaki humo.

"Ilikuwa mia na kumi na mbili," alisema. "Kumi na nane." Akatoa mkono mfukoni. "Watu nimewafungia maduka kwa gramu kumi. Mimi nimempunja mama yangu sentimita kumi na nane."

Akalia pale barazani, mtu mzima na shati lake la kazi, na mimi niliyekuwa nimemkasirikia wiki tatu nikashindwa kuendelea. Sawasawa alifungua mdomo kusema neno lake la siku zote, akaona halifai, akamshika bega.

Jumatatu tulimrudisha mama hospitali. Alimwambia Gramu abaki kwenye benchi la nje, na daftari aliache nyumbani. Alikubali vyote viwili. Mimi niliingia naye.

Daktari wa mazoezi aliomba radhi, na mama akamwambia hayo wayaache. Binti akafungua faili lake, akasema wataanza pale mkono ulipo leo, bila msaada wowote, kila kitu wazi, kama mama atakavyo.

"Bila wowote," mama alisema. "Nimechoka kubebwa."

Akavishwa miwani. Akainua mkono kuelekea shati la kwanza na kamba ikawa mbali. Akajaribu tena, haikufika. Mara ya tatu bega lilimuuma mpaka akauma meno. Alikaa hivyo, uso umefunikwa, mkono umeshuka, na nilidhani anavua.

"Binti," alisema taratibu. "Niongezee kidogo. Wiki hii tu, nipate kuanza. Nataka kujua umeongeza ngapi."

"Vidole viwili, mama."

"Viwili. Haya." Akageuza uso wake wa miwani upande wa mlango. "Na huyo aliyeko nje asiambiwe."

Alianika beseni zima. Tulipotoka, Gramu alisimama haraka, akachukua mkoba wa mama, akatembea nasi hatua chache akijizuia. Akashindwa.

"Wamekuongezea, mama?"

"Hata kidogo," mama alisema.

Gramu akanitazama mimi. Ananijua tangu nimezaliwa, na mimi uongo sijawahi kuuweza, unanipanda usoni kama joto. Nilimtazama usoni bila kupepesa, nikijua anasoma. Alinisoma muda mrefu kuliko anavyosoma mizani.

"Vizuri," alisema, akampa mama mkono washuke ngazi.